Ghala Likijaa Mbali: Habari za Diski Iliyojaa Katika Mtandao

Wanafunzi wenzangu, na ninyi ndugu zetu mliotutangulia kusoma hapa, liko neno moja dogo ambalo kila mmoja wetu amelisoma mara nyingi katika kioo cha kompyuta: "Imehifadhiwa." Tulionapo neno hilo twainuka kitini na kwenda zetu kula au kucheza mpira, wala hatuna wasiwasi. Katika makala hii nataka kueleza kwamba pale ambapo kompyuta nyingi hutumia diski moja kwa njia ya mtandao, neno hilo huweza kusemwa kabla ya jambo lenyewe kutendeka. Na kama diski ya mbali imejaa, jambo lenyewe halitatendeka kabisa. Si kwamba kompyuta ni mwongo. Ni kwamba habari ya kujaa huchelewa kufika, na asiyeingoja haipati.

Yafaa kwanza tuueleze mpango wenyewe. Katika chumba chetu cha kompyuta zimo mashine ishirini juu ya meza, na mashine moja kubwa iliyofungiwa katika chumba kidogo cha pembeni. Hiyo kubwa huitwa seva. Kazi tunazoziandika hazikai katika mashine za mezani. Hukaa katika diski ya seva, nasi huzifikia kwa waya. Ndiyo maana mwanafunzi aweza kuanza insha yake leo katika mashine ya dirishani, na kesho akaimalizia katika mashine ya mlangoni. Mpango wa namna hii, wa kuifanya diski ya mbali ionekane kama diski ya karibu, huitwa mfumo wa mafaili wa mtandao.

Mmoja wa mifumo hiyo iliyoenea sana ni NFS. Ulitungwa na kampuni ya Sun Microsystems huko Marekani, na watu wakaanza kuupata mwaka 1985. Kampuni hiyo ilinunuliwa na Oracle mwaka 2010, lakini mfumo wake ungali unatumika duniani kote. Sheria za toleo lake la pili zilichapishwa wazi mwaka 1989 ili kila mtu aweze kuzifuata. Toleo la tatu likafuata mwaka 1995, na la nne mwaka 2000. Toleo hilo la nne lilisahihishwa mwaka 2003 na tena mwaka 2015, na mwaka 2016 likaongezewa mambo mapya ambayo nitayataja mbele. Mfumo wa seva yetu ni huo wa NFS, na mambo mengi nitakayoyasema yanauhusu huo.

Sasa na tutumie mfano. Sisi tuliokulia katika nchi ya kahawa hapa Uganda twaijua kazi ya chama cha ushirika. Tuseme mkulima amevuna kahawa yake, akaileta katika baraza ya chama. Barazani yupo karani, lakini ghala lenyewe liko ng'ambo ya mji. Karani huyapokea magunia, huyapanga barazani, na kumwambia mkulima, "Vema, mzee, nimeyapokea." Mkulima anakwenda zake. Jioni lori huja, likayachukua magunia na kuyapeleka ghalani. Kama ghala lina nafasi, hapana neno. Lakini kama ghala limejaa, lori litarudi na magunia yale yale, na mkulima amekwisha ondoka. Nani atamwambia?

Katika kompyuta mambo ni hivyo hivyo. Mkulima ni programu tunayoitumia kuandika. Karani ni kompyuta ya mezani. Baraza ni kumbukumbu ya muda iliyo ndani ya kompyuta hiyo, ambayo hupoteza kila kitu umeme ukizimika. Lori ni mtandao, na ghala ni diski ya seva. Programu inaposema, "Andika maneno haya," kompyuta ya mezani huyaweka kwanza katika kumbukumbu yake, hujibu, "Tayari," na ndipo huyapeleka kwa seva polepole, mengi kwa pamoja.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini basi wasiiondoe baraza, kila gunia likaenda ghalani moja kwa moja? Jibu ni kwamba kazi ingekuwa nzito mno. Programu nyingi huandika vipande vidogo vidogo, mara mstari mmoja, mara herufi chache. Kama kila kipande kingengoja safari ya kwenda kwa seva na kurudi, na tena kingoje diski imalize kukiandika, mtu angeweza kuchoka akingoja ukurasa mmoja. Baraza imewekwa kwa ajili ya upesi, na upesi huo ndio tunaoufurahia kila siku. Bei yake hatuioni mpaka siku ghala linapojaa.

Tutazame bei hiyo kwa hesabu. Tuseme diski ya seva imebakiwa na nafasi ya megabaiti 4, nawe wahifadhi picha na maandishi ya megabaiti 12. Programu yako hukabidhi zote 12 kwa kompyuta ya mezani kwa nukta moja, na kila mara huambiwa, "Tayari." Halafu kompyuta ya mezani huanza kupeleka mizigo, tuseme kila mzigo ni wa megabaiti 1. Mzigo wa kwanza unapokewa, na wa pili, na wa tatu, na wa nne. Mzigo wa tano unarudishwa na seva pamoja na namba ya kosa, nayo ni 28. Katika mifumo ya Unix na Linux, na katika sheria za NFS pia, namba 28 maana yake ni kwamba hapana nafasi tena katika chombo. Lakini wakati namba hiyo inarudi, programu imekwisha kuambiwa "Tayari" mara kumi na mbili! Kompyuta ya mezani haina njia ya kurudi nyuma na kulibadilisha jibu lililokwisha kutolewa.

Basi hufanya nini? Huiweka habari ile mbaya kando, juu ya jina la faili lile, ikingoja programu ije kuuliza tena. Zipo nafasi tatu za kuuliza. Ya kwanza ni programu inapojaribu kuandika zaidi katika faili lile lile. Ya pili ni programu inapotoa amri iitwayo fsync, ambayo maana yake ni, "Peleka vyote vilivyo barazani mpaka ghalani, wala usinijibu kabla havijafika." Ya tatu ni wakati wa kulifunga faili. Mwongozo wa Linux waeleza jambo hili waziwazi: katika NFS, kosa la kukosa nafasi kwa kawaida halitolewi katika andiko la kwanza lililopita kiasi, bali katika andiko la baadaye, au katika fsync, au katika kufunga. Programu iliyotungwa na mtu mwangalifu husikiliza majibu hayo yote. Programu iliyotungwa na mtu mvivu hufunga faili na kuondoka bila kusikiliza, kama mkulima asiyerudi kesho yake kutazama stakabadhi yake.

Wengine hudhani kwamba kosa hili limekuja na matoleo mapya tu. Si hivyo. Katika toleo la pili la NFS, seva haikuruhusiwa kujibu mpaka iwe imeyaweka maneno mahali pa kudumu, tena mzigo mmoja haukuweza kuzidi baiti 8192. Faili letu la megabaiti 12 lingehitaji mizigo 1,536, na kila mmoja ungengoja diski. Hata hivyo kompyuta ya mezani ilikuwa na baraza yake, kwa hiyo programu iliweza kuchelewa kupata habari. Katika toleo la tatu, la mwaka 1995, waliongeza baraza nyingine upande wa seva. Seva ikapewa ruhusa ya kujibu, "Nimepokea, lakini bado sijaweka." Baadaye kompyuta ya mezani huiamuru seva ithibitishe, na ndipo seva huweka kila kitu katika diski na kujibu, "Sasa nimeweka."

Kwa sababu sisi twajua sana habari za umeme kukatika, nitaongeza jambo moja hapa. Katika toleo hilo la tatu, kila mara seva inapopokea mzigo au kuthibitisha, huambatisha alama yake yenye baiti 8. Seva ikizimika na kuwaka tena, alama hiyo hubadilika. Kompyuta ya mezani ikiona alama mpya hujua kwamba yaliyokuwa katika baraza ya seva yamepotea, nayo huyapeleka upya, maana haikuyatupa. Iliyahifadhi mpaka ithibitishiwe. Huo ni uangalifu mzuri sana. Lakini angalia kwamba wauokoa mzigo na seva iliyozimika tu. Haungezi nafasi katika diski iliyojaa.

Tena kuna tofauti kubwa kati ya seva iliyozimika na seva iliyojaa, na wengi huzichanganya. Seva ikizimika, kwa kawaida kompyuta ya mezani hungoja na kuomba tena na tena hata saa nzima, na programu husimama kama imegandishwa. Mwanafunzi huona, hupiga kelele, humwita mwalimu. Bali seva iliyojaa hainyamazi. Hujibu mara moja, "Hapana nafasi," na jibu hilo ni la mwisho. Kazi haisimami. Yote huendelea kimya, na kwa sababu hiyo diski iliyojaa yaweza kudhuru kuliko diski iliyozimika.

Muhula uliopita tuliliona jambo hili kwa macho. Mwanafunzi mwenzetu mmoja alikuwa akiitunza orodha ya watu waliosoma hapa zamani, pamoja na miaka yao na kazi wanazofanya sasa. Majina hayo alikuwa ameyakusanya kwa mwaka mzima, mengine kutoka katika barua zenu wenyewe. Aliyaandika kwa programu ndogo iliyotungwa humu humu shuleni. Jumamosi moja aliongeza majina matano, akahifadhi, akaenda mpirani. Jumapili tulipoifungua orodha tulikuta faili lipo, jina lake lipo, lakini ndani yake hamna hata herufi moja. Urefu wake ulikuwa baiti 0.

Tulimwendea Bruda anayetufundisha kompyuta. Mwenzetu akasema, "Shikamoo Bruda. Orodha yote imepotea, na jana kompyuta iliniambia imehifadhi."

Bruda akajibu, "Marahaba, mwanangu. Iliyokuambia hivyo ni hii ya mezani. Je, seva nayo ilikuambia nini?"

Alitufungulia chumba kidogo, akatuonyesha kwamba diski ilikuwa imejaa tangu Ijumaa, kwa sababu darasa moja lilikuwa limeweka sinema za michezo ya sikukuu. Mimi nilishangaa kwa jambo moja, nikamwuliza, "Kama nafasi haikuwapo, Bruda, majina matano mapya yangekosa mahali. Lakini ya zamani yalikuwa tayari ndani. Yametokaje?"

Jibu lake ndilo lililonifanya niandike makala hii. Programu nyingi nyepesi, zinapohifadhi faili lenye jina lile lile la zamani, kwanza hulifuta kabisa lililomo, mpaka urefu uwe 0, kisha huandika yote upya tangu mwanzo. Kufuta hakuhitaji nafasi, kwa hiyo seva hukubali papo hapo. Maneno mapya nayo yangali barazani. Katika mwanya huo mdogo, nafasi iliyoachwa na orodha ya zamani huwa ni nafasi wazi ya diski nzima, na yeyote aweza kuichukua. Siku ile mashine nyingine zilikuwa na mizigo yao inayongoja, nazo zikaichukua. Maneno ya orodha yalipofika kwa seva, yale mapya pamoja na yale ya zamani, yalirudishwa kwa namba 28, na programu, kwa kuwa haikusikiliza jibu la kufunga faili, ikaandika "Imehifadhiwa." Tuliipata sehemu ya orodha kutoka katika barua za karatasi. Majina mengine hatujayapata hata leo, maana wenyewe walikuja wakayataja kwa mdomo tu.

Wazee walisema, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Methali hii ingeweza kubandikwa juu ya meza ya kila mtunga programu. Njia iliyo salama ni hii. Programu isiliguse faili la zamani. Iandike maneno yote katika faili jipya lenye jina jingine, la muda. Kisha itoe amri ya fsync na kungoja jibu. Halafu ilifunge faili na kusikiliza jibu tena. Kama majibu yote ni mema, ndipo ilibadilishe jina la faili jipya liwe lile la zamani. Na badiliko hilo la jina hutendeka kwa pigo moja, hakuna nusu yake. Kama diski imejaa, fsync itarudi na kosa, faili la muda litatupwa, na la zamani litabaki kama lilivyokuwa. Mtu atakosa kazi ya leo, lakini ya mwaka mzima haitapotea. Ni kweli kwamba njia hii huhitaji nafasi ya mafaili mawili kwa muda mfupi. Lakini hiyo ni gharama ndogo.

Msomaji mwenye akili atauliza tena: kwa nini kompyuta ya mezani isiiulize seva kwanza, "Una nafasi kiasi gani?" Kuuliza kunawezekana. Toleo la tatu lina swali maalumu kwa ajili hiyo, na seva hujibu ukubwa wote wa diski, nafasi iliyo wazi, na nafasi ambayo mwombaji huyu mwenyewe aweza kuitumia. Hata hueleza ni kwa nukta ngapi hali hiyo haitazamiwi kubadilika! Lakini jibu ni la wakati ule ulioulizwa. Wanafunzi wawili wakiambiwa kwa pamoja kwamba ziko megabaiti 4, na kila mmoja akapeleka 3, wote wawili waliambiwa kweli, na bado mmoja wao atakosa. Kuuliza si kukata tikiti.

Kukata tikiti kulikuja katika toleo la nne lenye nyongeza za mwaka 2016. Humo programu yaweza kuiomba seva iitengee faili kiasi fulani cha nafasi kabla ya kuandika neno lolote. Seva ikikubali, nafasi hiyo ni yako. Ikikataa, wajua mapema, na hujafuta kitu. Jambo hili lafaa hasa kwa mafaili makubwa. Lakini lazima seva na kompyuta ya mezani ziwe zinalijua, na programu iombe. Asiyeomba hatengewi.

Mfumo mwingine, uitwao AFS, uliotungwa katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huko Marekani miaka ya 1980, ulichukua njia tofauti. Humo kompyuta ya mezani hulileta faili katika diski yake yenyewe, mtu hulifanyia kazi hapo, na lifungwapo ndipo hurudishwa kwa seva. Kwa hiyo katika AFS waweza kuandika mchana kutwa bila kujua kwamba seva imejaa, na habari yote ikaja katika nukta moja, ile ya kufunga. Programu isiyosikiliza jibu la kufunga, katika AFS haina masikio kabisa. Watungaji wa mifumo hii miwili walichagua njia mbalimbali, lakini wote wawili waliliacha neno la mwisho mikononi mwa yule anayefunga faili.

Yatupasa pia kujua kwamba kujaa kuna namna nyingi, na kila namna ina dawa yake.

Namna ya kwanza ni diski yenyewe kujaa, na namba yake ni ile 28. Namna ya pili ni mgao wa mtu kujaa. Msimamizi aweza kumpa kila mwanafunzi, tuseme, gigabaiti 2 na si zaidi. Mwanafunzi akizimaliza atakataliwa hata kama diski ina nafasi tele, na katika sheria za NFS namba ya kosa hilo ni 69. Hapo si kazi ya msimamizi kununua diski. Ni kazi ya mwanafunzi kufuta vyake visivyofaa.

Namna ya tatu ni ya ajabu kidogo. Katika mifumo mingi ya Unix na Linux kila faili, hata liwe dogo namna gani, huhitaji kadi yake ya kuandikishwa, iitwayo inodi. Katika mifumo kama ext4, hesabu ya kadi hizo huwekwa siku diski inapotayarishwa. Mtu akijaza mamilioni ya mafaili madogo, kadi huisha na diski bado ina nafasi. Seva itajibu kwamba hapana nafasi, na anayetazama baiti peke yake atadhani seva imerukwa na akili. Amri ya df huonyesha baiti; ukiandika df -i huonyesha kadi. Yafaa kutazama zote mbili.

Namna ya nne ni akiba. Katika mfumo wa ext4, usipobadilisha mpango, sehemu 5 katika kila 100 huwekwa kando kwa ajili ya msimamizi mkuu. Diski ya gigabaiti 1,000 yaweza basi kumkataa mwanafunzi huku imebakiza gigabaiti 50 hivi. Hiyo si choyo. Ikiwa diski imejaa mpaka ukingoni, hata msimamizi hawezi kuandika kumbukumbu za kazi wala kufanya matengenezo. Akiba haiozi.

Na diski ikishajaa, kufuta nako kuna siri yake. Katika Unix na Linux, faili lililofutwa huku programu ingali imelishika halitoki katika diski. Jina hutoweka, lakini nafasi hairudi mpaka programu ilifunge. Katika NFS, seva ya zamani haikujua ni nani ameshika nini, kwa hiyo kompyuta ya mezani hufanya hila: badala ya kulifuta faili, hulibadilisha jina likaanza kwa .nfs na kufuatiwa na herufi na tarakimu nyingi, kisha hulifuta kweli litakapofungwa. Ukiona majina ya namna hiyo katika folda, usidhani ni mdudu. Tafuta nani bado amefungua faili hilo, umwombe alifunge, na nafasi itarudi.

Sasa nitasema kwa ufupi yale ambayo kila mmoja aweza kuyafanya, hata asiye mtunga programu.

Kwanza, uhifadhipo kazi kubwa katika diski ya mtandao, lifunge faili, kisha lifungue tena na kulitazama mwisho wake, si mwanzo wake. Ni vizuri zaidi kulifungua katika mashine nyingine, kwa sababu mashine uliyoandikia yaweza kukuonyesha yaliyo barazani mwake. Ukiiona sentensi ya mwisho katika mashine ya pili, hakika imetoka kwa seva.

Pili, unapohamisha mafaili kutoka katika kijiti au simu kwenda kwa seva, usifute yaliyo katika kijiti siku ile ile. Linganisha urefu wa kila faili pande zote mbili. Faili lililokatwa katikati huwa na jina kamili, na jina halionyeshi hasara.

Tatu, ukiambiwa nafasi imekwisha huku kazi ingali wazi mbele yako, usiifunge programu. Kazi yako yote ingali katika kumbukumbu ya mashine. Ihifadhi mahali pengine, kama kijiti, kwa jina jingine, kisha ndipo uende kumwarifu msimamizi.

Nne, neno hili ni kwa ndugu zetu mliomaliza, ambao wengine mmekuwa makarani wa hospitali, wa benki na wa halmashauri. Msingoje diski ifike mwisho. Mwulizeni msimamizi wenu diski inajaa kwa kasi gani kila mwezi, na programu zenu hufanya nini seva inapojibu 28. Asipoweza kuwajibu, mwombeni ajaribu: atengeneze diski ndogo, aijaze makusudi, kisha ahifadhi juu yake faili la zamani ambalo nakala yake iko mahali pengine. Jaribio hilo ni la saa moja, na humwonyesha kila mtu, kabla ya msiba, kama daftari la wagonjwa lingebaki au lingekuwa baiti 0.

Nimejifunza kwamba mashine hizi haziachi kusema kweli. Husema kila moja kweli yake, na kwa wakati wake. Kompyuta ya mezani husema, "Nimepokea," na ni kweli. Seva husema, "Hapana nafasi," na ni kweli pia. Hasara huja pale ambapo mtu hulichukua jibu la karani kuwa ndilo jibu la mwenye ghala. Kwa hiyo tungoje jibu la pili, na mpaka lifike tusikitupe cha zamani.